Ndege Asiye na Taji

Inspekta Alistidia Kaijage aliiweka kofia mezani, akamweka ndege wa bati juu ya kofia, akarudi nyuma kuwatazama. Hawakupatana. Alimsogeza ndege kulia, akamsogeza kushoto, akamshusha kidogo, na bado walionekana kama bwana na bibi waliolazimishwa kupiga picha pamoja.

"Afande, hiyo kofia ina zaidi ya miaka mia," alisema Koplo Alexander kutoka kwenye kiti chake cha dirishani. "Imeliwa na nondo, ikakaushwa na moshi. Usitegemee kitu kikae sawa hapo."

"Nondo hawali kwa mpangilio, Alexander. Njoo uone."

Kofia ilikuwa tarabushi, nyekundu zamani, sasa rangi ya tope la Muleba. Ilikuwa mali ya ukoo wa marehemu mzee Apolinary Rutaihwa wa Nshamba. Babu yake alikuwa askari polisi wa Mjerumani hapa Bukoba, na ilikuwa kofia yake ya kazi. Koo nyingine za Kihaya humkabidhi musika, yaani mrithi, mkuki na kiti cha marehemu, basi. Ukoo wa Rutaihwa uliongeza kofia. Atakayevikwa ndiye mwenye kibanja, shamba la ukoo, na ndiye mwenye neno la mwisho. Bila ndege wake wa bati pale mbele, walisema wazee, kofia hiyo ni kitambaa tu.

Mzee Apolinary aliokotwa amekufa katika migomba nyuma ya nyumba yake, kando ya makaburi ya ukoo. Ndege alikuwa kwenye nyasi chini ya mkono wake. Kofia, bila ndege, ilikutwa uvunguni mwa kitanda cha Mwesiga, mtoto wa dada yake, aliyeishi na mama yake Magdalena kwenye kona ya kibanja hicho hicho. Vijana wa jirani hawakungoja polisi. Mwesiga alikuwa amelazwa Bukoba chini ya ulinzi, taya limefungwa waya, mikono yote miwili ina plasta. Alistidia alipomwuliza kama mjomba wake ndiye aliyempa kofia, alitikisa kichwa kukubali. Alipomwuliza kwa nini alimpa, alifumba macho tu, na muuguzi akamwambia Inspekta atoke.

Hesabu ilikuwa rahisi mno, na ndiyo maana ilimkera. Mwesiga anaiba kofia, mzee anamfuma, Mwesiga anampiga jembe la kisogo, ndege anadondoka. Wanaume watano wa ukoo walikuwa wameshaapa kwamba ndege ni wao. Ingebaki hivyo, kijana angeshtakiwa kwa kosa lenye adhabu moja tu.

"Angalia hapa mbele," Alistidia alisema.

Katikati ya paji la kofia, kitambaa kilikuwa bado chekundu sana, mahali ambapo jua na moshi havikufika kwa miaka yote hiyo. Doa lilikuwa na umbo. Mwili mwembamba, mabawa yameshuka ubavuni, na juu ya kichwa kinundu kidogo kilichojitenga. Lote lilifichika chini ya kidole gumba.

Koplo alimnyanyua ndege aliyeokotwa. Huyu alikuwa mpana kuliko kiganja. Alitanua mabawa ndani ya duara la majani, na juu ya kichwa chake hapakuwa na kitu.

"Labda kofia ilikuwa na ndege wawili."

"Labda na kondoo pia."

Mlango ulifunguliwa bila kubishwa. Afande Muharami, mkuu wa upelelezi wa mkoa, hakuwa mtu wa kubisha hodi kwenye ofisi zake mwenyewe. Aliitazama meza, kisha akamtazama Alistidia.

"Bado unacheza na kofia?"

"Haimtaki huyu ndege, afande."

"Watu watano wamemtambua."

"Ndani ya mfuko wa nailoni, afande, amebandikwa kwenye kadi nyeupe. Nilikuwepo. Hakuna aliyetazama hata kwa muda wa kupiga chafya. Watano wa ukoo mmoja, na wote wakaafikiana papo hapo. Mimi ni wa huku huku. Hatuafikiani hata juu ya mpaka wa mgomba."

Muharami alitaka kucheka, akajizuia. "Na jembe?"

"Daktari ameandika jeraha moja, limenyooka kama rula. Jembe la Mwesiga limelika, limekuwa duara. Sisi ndio tulioandika jembe, afande. Yeye hakuandika."

"Mtoto wa marehemu?"

"Projestus. Anasema siku hiyo alikuwa kazini hapa Bukoba. Ofisini kwake wakasema ndiyo, alikuwepo, kwa sababu kila siku yupo."

Muharami alishika kitasa. "Jumatatu jalada linakwenda kwa waendesha mashtaka. Likiwa na ndege au bila ndege."

---

Dokta Judica aliishi Nyamkazi, kwenye nyumba iliyolitazama ziwa, pamoja na paka na vitabu visivyo na idadi. Alifundisha historia chuo kikuu mpaka akastaafu, na maisha yake yote alikuwa akichunguza sare za askari polisi wa Mjerumani: vifungo, tepe, kofia, mikanda. Watu walimwona ana wazimu mdogo. Yeye aliwaona wao wavivu. Hakumgusa ndege mpaka wageni walipomaliza chai.

Alimpima kwanza kwa mkono, akimrusha kidogo kama mtu anayechagua parachichi sokoni.

"Nani kakwambia huyu ni wa Bukoba?"

"Ukoo mzima, mama."

"Basi ukoo mzima ukamwombe babu yao radhi." Alivaa miwani ya pili juu ya ile ya kwanza. "Huyu ni mwepesi. Alumini. Ndege wa kofia za wakati ule hapa kwetu alikuwa mzito, mdogo, na alikuwa na taji. Hicho kinundu ulichoniambia, kilichojitenga na kichwa, ndicho taji la Kaisari. Kaisari alipoondolewa huko kwao, taji likaondoka naye. Huyu wako hana taji wala mahali pa kuliweka."

"Kwa hiyo ni wa baada ya Kaisari."

"Ngoja, usinikimbize." Alifungua kitabu kikubwa cha picha, akakigeuza upande wao. Kulikuwa na helmeti za chuma, nyeusi na kijani, zimepangwa kama masufuria dukani. "Hii ni polisi yao ya miaka ya thelathini, ya Hitla. Nusu polisi, nusu jeshi. Kwenye helmeti hawakuweka bati, walibandika picha. Upande wa kulia, ngao nyeusi na ndege ndani ya shada la majani ya mwaloni. Mnaliona shada? Sasa tazama lako."

Alistidia alitazama. Majani yalikuwa yale yale.

"Upande wa kushoto walibandika ngao nyekundu yenye ule msalaba wao wa mikono iliyokunjwa. Nyingi zilikwanguliwa baada ya vita. Bati kubwa kama hili halikukaa kwenye helmeti. Lilikaa mbele ya hii hapa." Alifunua ukurasa mwingine: kofia ndefu ya ngozi, ngumu, bapa juu, na ndege mpana mbele yake. "Na miguuni kwa ndege, ule msalaba. Kwa huyu wako uko wapi?"

Koplo Alexander aliinama. Chini ya makucha palikuwa na mikwaruzo inayong'aa.

"Umesagwa," alisema.

"Kwa tupa, tena hivi karibuni. Huo mng'ao haujapata hata mwaka." Dokta Judica alifunga kitabu. "Mjerumani aliondoka Bukoba mwaka elfu moja mia tisa kumi na sita. Huyu ndege, kama ni wa kweli na si wa kunakiliwa, alizaliwa miaka ishirini baadaye. Hakuna askari wa Bukoba aliyewahi kumvaa kichwani, kama vile hakuna aliyewahi kuvaa simu."

"Mwesiga anafanya biashara na wakusanyaji wa mtandaoni," alisema Koplo, macho yamemtoka. "Ameuza ndege wa kweli, akaagiza huyu."

"Mwesiga ana simu ya tochi," Alistidia alijibu. "Ana jembe na baiskeli isiyo na breki. Vitu hivi vinauzwa wapi, mama?"

"Kwenye mitandao ya Ulaya. Kwa Kijerumani mara nyingi." Mama huyo mzee alimgeuza ndege. Mgongoni palisimama vijiti viwili vyenye hesi, kimoja kila upande, vya kukazwa kwa nati. "Mimi si polisi. Lakini aliyemnunua alijua ule msalaba utazua maswali, akauondoa. Na juu ya taji hakuwaza kabisa. Huyo ni mtu anayewajua Wajerumani wa juzi kuliko babu yake."

Alistidia alimrudisha ndege kwenye kadi na kumbandika upya, uso juu. Alikuwa na furaha, na furaha hiyo aliionea haya, kwa sababu alikuwa amekwisha kufikiria mtu mmoja, na alikuwa akimpenda mtu huyo. Projestus Rutaihwa alikuwa amesoma Ujerumani, na ndiye aliyeleta maji ya bomba kijijini kwa mama yake Alistidia.

---

Nshamba, Alistidia na Koplo waliwakuta wanaume wa ukoo wamekaa sebuleni kwa marehemu, juu ya nyasi mpya zilizotandazwa sakafuni. Matanga yalikuwa yamekwisha. Walikuwa wakipanga Jumamosi, siku ya kumkalisha Projestus kwenye kiti cha baba yake. Kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna kilizungushwa, na wageni wakapewa wa kwanza. Magdalena, mama yake Mwesiga, alikuwa nje kwenye kizingiti cha jiko. Hakuna aliyempelekea kikapu.

Kabla ya kuingia, Alistidia alikuwa amepita makaburini. Yalikuwa matatu, ya saruji, na la babu lilinyanyuka mpaka magotini, ukingo wake umekatwa vizuri na fundi mwenye bidii. Alipitisha kidole juu ya ukingo ule. Mvua ilikuwa imekwisha kufanya kazi yake, hapakuwa na la kuona. Lakini ulikuwa umenyooka kama rula.

"Wazee wangu," alianza, akiiweka kofia juu ya stuli na mfuko wenye ndege kando yake. "Nimekuja na tatizo. Kuna mtaalamu Bukoba anasema huenda ndege huyu si wa kofia hii. Kama si wake, sina kesi dhidi ya Mwesiga. Nitamwachia."

Kahawa zilisimama mashavuni. Mzee Rweyemamu, binamu wa marehemu na mkubwa wa wote pale, aliinua mkono.

"Ni wake. Tulishasema."

"Baba, mara ya mwisho ulimwona lini?"

"Siku Apolinary alipovikwa."

"Ulikuwa karibu naye?"

"Nilikuwa kijana. Vijana tulisimama nje, kwenye migomba."

"Na baada ya siku hiyo?"

"Kofia inalala sandukuni, ndani ya lubugo, nguo ya gome la mti. Haifunuliwi ovyo."

Alimgeukia aliyefuata. Huyo hata nje hakuwepo, alikuwa Mwanza. Wa tatu alimwona ndege siku hiyo, yeye mwenyewe akiwa mtoto mgongoni kwa mama yake. Wa nne na wa tano walitazama nyasi. Alistidia hakuwacheka. Alihisi uchovu, kwa sababu kila mmoja wao alikuwa mtu mwema.

"Sasa, baba Rweyemamu, ulimtambuaje?"

Mzee alitema kahawa kiganjani. "Waitu, mwanangu, ulitaka nisemeje? Umekuja hapa na mfuko, umetupanga mstari. Wa kwanza amesema ndiye. Mimi niseme simjui ndege wa babu yangu? Mbele ya hawa? Kesho wangeniuliza kama huyo babu ni wangu kweli."

"Kwa hiyo hukumtambua."

"Nilimtambua babu," alisema Rweyemamu. "Ndege ni ndege."

Minong'ono ikaanza. Hapo ndipo Projestus alipoingilia kati, kwa upole, kama alivyozoea. Alikuwa mhandisi wa maji, mtu wa miwani na shati lililopigwa pasi vizuri, aliyesoma Ujerumani miaka mingi na kurudi bila maringo.

"Inspekta, usiwasumbue wazee. Ni kweli hawakumwona kwa karibu. Mimi nimekulia ndani ya nyumba hii. Baba alikuwa akinipa kofia niipanguse. Huyo ni ndege wetu."

"Una hakika? Maana mtaalamu atasimama mahakamani, na wakili atauliza."

"Mwache aulize."

"Atauliza alama. Ya mbele kila mtu anaiona hapa. Kuna alama yoyote ambayo mgeni hawezi kuijua?"

Projestus alifikiri kidogo. Alikuwa mtu wa vipimo, na kwa mtu wa vipimo swali lililo wazi ni kama kiti mbele ya aliyechoka.

"Mgongoni," alisema. "Ana vijiti viwili vya hesi, kulia na kushoto, vya kukaza na nati." Aliachanisha vidole viwili hewani. "Umbali kama huu."

Koplo Alexander aliacha kutafuna.

Alistidia alifungua mfuko, akabandua kadi, akamgeuza ndege. Vijiti viwili, kulia na kushoto. Alivipimia kwenye vidole vya Projestus ambavyo bado vilikuwa hewani, na vikaenda sawasawa.

"Si unaona sasa?" alisema Rweyemamu, na wenzake wakaguna kwa kuridhika.

"Naona, baba. Naomba nisaidie kitu kimoja. Shika kofia. Nionyeshe matundu ya hivi vijiti."

Mzee aliipokea kofia kwa mikono miwili. Aliigeuza nje, akaigeuza ndani, akaipeleka mlangoni penye mwanga. Alikuta tobo moja dogo katikati ya lile doa jekundu, na nyuzi kuukuu zilizokatika. Kulia na kushoto kitambaa kilikuwa kizima.

"Hakuna," alisema, na sauti yake ilikuwa imepungua.

"Hakuna. Ndege wa babu yenu alishonwa kwa uzi. Huyu hajawahi kukaa kwenye kofia hiyo hata siku moja. Na tangu tumwokote chini ya mkono wa marehemu, amebandikwa uso juu. Mgongo wake haujaonyeshwa kwa mtu yeyote wa nyumba hii." Alimtazama Projestus. "Ila aliyekuja naye."

Projestus alivua miwani. Aliipangusa kwa shati, akaivaa, akaivua tena. 

"Wa kweli nilimtupa," alisema.

"Wapi?"

"Huko Ujerumani. Mwaka wangu wa kwanza. Nilikuwa nimemchukua sandukuni bila kumwambia baba, niwe na kitu cha nyumbani. Chuoni wakatuonyesha picha za zamani za huku kwetu. Askari wamevaa kofia kama hiyo, wanachapa watu viboko, watu wamelazwa chini. Kila mtu ukumbini akanigeukia mimi, kwa huruma. Jioni yake nilimtupa mtoni kutoka darajani." Aliivaa miwani. "Sikukumbuka kama alikuwa na taji. Nilikumbuka viboko tu."

"Baba yako alijua lini?"

"Aliposema anataka kufungua kofia mbele ya ukoo, amtaje musika angali hai. Alifungua sanduku, akakuta ndege hayupo. Akaniita. Nikamwambia amekwenda kutengenezwa, nitamleta. Nikamwagiza huyo. Ule msalaba niliusaga mwenyewe, gereji."

"Ukamletea siku ile."

"Nilimkuta makaburini, anapalilia. Alimshika, akamgeuza, akauliza, huyu ni ndege wa nani? Nikasema ni wetu. Akasema hapana. Akasema kofia ameshaipeleka kwa Mwesiga aitunze, na kwamba mimi sitaivaa, heri ivaliwe na mtoto wa dada yake." Wazee waliguna. Kwa ukoo ule mtoto wa dada ni mtu wa nje, na tusi kubwa kuliko hilo halikuwepo. "Alikuwa ananirudishia ndege, ananigonga naye kifuani. Nikamsukuma. Mara moja. Kaburi lilikuwa nyuma yake."

"Ukaondoka."

"Nilisikia kichwa kikigonga. Nilijua."

Alistidia alikuwa ameshapata alichokifuata. Angeweza kuishia hapo. Aliendelea kwa sababu alikuwa na hasira, na hakutaka kuificha.

"Kesho yake vijana walipomkuta Mwesiga na kofia. Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Ulisimama wapi?"

"Pale kwenye mibuni."

"Ulisema nini walipokuwa wanampiga?"

Projestus alitazama kizingiti cha jiko, ambako shangazi yake Magdalena alikuwa amesimama sasa, na khanga ameishika mdomoni.

"Sikusema kitu, shangazi," alimwambia yeye.

Magdalena alirudi jikoni, na wakasikia akiepua sufuria.

Koplo Alexander alimfunga Projestus pingu kwa adabu, akamwacha avae viatu. Alistidia alikuwa akiirudisha kofia kwenye mfuko mzee Rweyemamu alipomgusa kiwiko.

"Mama mkaguzi. Na Jumamosi?"

"Jumamosi kuna nini, baba?"

"Tumeita watu. Kofia atavaa nani?"

"Hakuna. Kofia inakwenda mahakamani."

Mzee aliwatazama wenzake wanne, akamtazama Projestus akiinamishwa kuingia garini, kisha akalitazama jiko. Alilitazama kwa muda mrefu kuliko Alistidia alivyopenda.

---

Afande Muharami alisoma jalada, akasaini, na hakusema samahani. Alichosema ni kwamba mlinzi aondolewe wodini mara moja, na Alistidia aliichukua hiyo kuwa ndiyo samahani yake. Aliamua kwenda mwenyewe.

Mwesiga alikuwa macho. Uvimbe ulikuwa umepungua kiasi cha kumfanya aonekane na umri wake. Magdalena aliketi kando ya kitanda, akimnywesha uji wa ndizi kwa kijiko kidogo kupitia pengo la meno.

"Uko huru," Alistidia alisema. "Hakuna kesi. Tumempata aliyefanya."

Kijana alimtazama mama yake, na mama yake akatikisa kichwa kwamba ni kweli. Mwesiga alisema kitu kupitia waya. Alistidia aliinama asikie.

"Projestus?"

"Ndiyo."

Alifumba macho. Machozi yalitelemka mpaka masikioni, na kwa kuwa mikono yake ilikuwa ndani ya plasta, mama yake ndiye aliyeyapangusa.

"Alinilipia shule," alisema. Kisha, baada ya kumeza, "Niliwaambia mjomba kanipa. Walipokuwa wananipiga. Niliwaambia wote, kwa majina."

"Najua." Alistidia hakujua afanye nini na mikono yake mwenyewe. "Daktari akikuruhusu, gari letu litakurudisha Nshamba. Nimeshaagiza."

"Asante, mwanangu," Magdalena alisema. "Gari halina kazi."

"Kwa nini, mama?"

Magdalena alikwangua chini ya bakuli, akapeleka kijiko mdomoni mwa mwanawe, akangoja ameze.

"Wazee walikuja jana, mlipoondoka. Walikuja kwa heshima, walikaa, walikula. Wakasema ukoo umepoteza musika kwa ajili ya mwanangu, kwa hiyo hatuwezi kuendelea kukaa pale. Rweyemamu alilia alipokuwa akisema. Vitu vyetu viko hapo nje kwa mlinzi wa geti, ni mafurushi mawili."

Alistidia alitaka kusema kwamba hilo ni kosa, kwamba kuna sheria, kwamba atarudi Nshamba kesho asubuhi. Alisema yote hayo, na Magdalena alimsikiliza kwa upole hadi mwisho, jinsi mtu anavyomsikiliza mgeni asiyejua njia.

Mguu wa kushoto wa Mwesiga ulikuwa umefungwa pingu kwenye chuma cha kitanda. Alistidia alipiga goti, akatoa ufunguo, akaifungua. Kifundo kilikuwa kimechubuka. Aliitia pingu mfukoni, akasubiri.

Mwesiga hakuusogeza mguu.